Nani Amegusa Presha ya Mashine Yangu?

Jumatatu, 1 Julai

Majibu yametoka. Eti nakoroma. Tena si kukoroma tu — pumzi yangu inakatika nikiwa nimelala, inarudi, inakatika tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Daktari kanionyesha mistari kwenye kompyuta yake, imepanda na kushuka kama milima. "Hapa hupumui, mama. Na hapa. Na hapa tena."

Nikamuuliza ana uhakika gani kwamba ile mistari ni yangu. Walinifunga nyaya kichwani na kifuani kama redio mbovu, wakanilaza kitanda cha watu kwenye chumba cha watu. Nani angelala vizuri hapo? Akasema tatizo haliji kwa sababu ya nyaya.

Mume wangu alikaa pembeni, anaitikia kwa kichwa kila neno la daktari. Kama wamepanga! Yeye ndiye aliyeyaanzisha haya. "Mke wangu, unakoroma." Mimi! Yeye ni fundi wa majokofu, mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Siku nzima sikio lake limebandikwa kwenye mota za watu. Lazima akirudi nyumbani aisikie mota hata kwenye mto.

Lakini lipo lile la makutano. Niliandike tu, hapa hakuna anayesoma. Nilikuwa kazini, kiti cha mwalimu wa udereva, mwanafunzi ni yule mhasibu anayeogopa kila kitu chenye honi. Nikasinzia. Mguu wangu uko juu ya breki ya mwalimu, lakini mwenye mguu hayupo. Taa nyekundu, mhasibu kapitiliza. Lori likapiga honi, nikashtuka, nikakanyaga. Hakuna aliyeumia. Mhasibu alilia mpaka ofisini.

Na wanafunzi wananiita Mama Breki. Aibu!

Bosi kasema gari sishiki mpaka daktari aandike kwamba nimetengemaa. Gari langu kapewa mwalimu mpya, yule wa miwani ya jua. Siku ileile. Haraka ya nini? Kama lilikuwa linasubiriwa.

Jumanne, 2 Julai

Mume bado analala sebuleni. Alihamisha mto wake mwezi uliopita, eti mgongo. Kochi lile springi imechomoza katikati, linaponya mgongo gani?

Simu yake siku hizi anailaza kifudifudi. Nikiingia anaizima.

Leo kaamka macho mekundu. Nikamuuliza kalala vipi. "Vizuri tu." Halafu akatia chumvi kwenye chai, akakoroga, akanywa yote, hakuona tofauti. Huyu kalala vizuri? Kuna kitu hapa. Au kuna mtu.

Alhamisi, 4 Julai

Tumekwenda dukani kwa wifi yangu, dada yake mume. Anauza viti vya magurudumu, magongo, vipima joto, na sasa — bahati iliyoje! — mashine za kusaidia pumzi usingizini. Nauliza tu: alianza kuziuza lini? Kabla sijaanza kukoroma au baada?

Akazipanga tatu mezani. Zote kwa macho ni kama redio ndogo ya kitandani, na mpira mrefu unaotoka nyuma kwenda kwenye barakoa. Inapuliza hewa ili koo lisijifunge. Hapo nilimwelewa.

Ya kwanza ina presha moja. Daktari anaipanga, basi, inapuliza hivyo hivyo kutoka unapolala mpaka unapoamka. Ya pili inajirekebisha yenyewe: koo likilegea inaongeza, likikaa sawa inapunguza. Ya tatu ina presha mbili, kubwa ya kuvuta pumzi na ndogo ya kuitoa.

Ile ya tatu wifi aliipapasa kama mtoto mchanga. "Hii ndiyo yako, wifi yangu. Hii ni ya watu wazima." Nilipouliza bei alikohoa kwanza.

Mume kaingia kwa lugha yake. Ya kwanza ni friji lisilo na themostati, linapiga baridi tu. Ya pili ina themostati. "Na ya tatu?" Ya tatu ni friji na friza kwa pamoja. Wakacheka, kaka na dada. Mimi nilikuwa naangalia wanavyoangaliana.

Halafu likatoka jingine. Mashine zote zinatuma habari! Umelala kwa muda gani, barakoa imevuja kiasi gani, pumzi imekatika mara ngapi. Nani anapokea? Kliniki, kasema wifi. "Lakini hata mimi naweza kukusaidia kuangalia. Ina waifai ndani." Nikamwambia wifi ninayo tayari, imesimama mbele yangu. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe sikuwa natania.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimekwenda kwa daktari peke yangu. Nimemuuliza usoni: wifi yangu akiuza, wewe unapata nini?

Hakukasirika. Hilo nalo limenitia wasiwasi. Kasema hata hamjui huyo wifi, na kwamba ya presha mbili ni ya watu wanaoshindwa kutoa pumzi dhidi ya hewa kali, au wenye mapafu yenye shida nyingine. "Mapafu yako ni mazima, mama. Huhitaji kununua lori ili ukanunulie mkate." Anajua kazi yangu, kanitafutia maneno yangu. Mjanja.

Basi ya pili, ile inayojirekebisha? Kasema ni nzuri, hasa kwa mtu ambaye haja yake inabadilika — akilala chali, akipata mafua, akinenepa au akikonda. Lakini kwangu walishatafuta presha inayonitosha usiku wa pili wa kipimo. Nianze na ya presha moja. Kliniki itaniazima, nikiishindwa tutazungumza.

Kuazima! Bure! Toka lini?

Wakati natoka kaniambia kitu kimoja bila kuniangalia, anaandika: "Watu wanagombania mashine. Vita vyenyewe viko kwenye barakoa."

Jumapili, 7 Julai

Kweli ni vita.

Barakoa ndogo ya puani: usiku mdomo ulifunguka wenyewe, hewa ikaingia puani ikatokea mdomoni, shwaaa, kama tairi limechomwa msumari. Nikaamka ulimi umekauka kama gunia. Jana nikajaribu kubwa, inayofunika pua na mdomo. Mume kasema nafanana na rubani. Nikamwambia rubani hulala na mkewe, hakai sebuleni.

Asubuhi barakoa nimeikuta chini ya kitanda. Sikumbuki kuivua! Nani kaivua?

Mashavuni nina alama za mikanda. Jirani getini kaniangalia, kamwangalia mume wangu, karudi kuniangalia mimi. Kaniuliza kama nyumbani ni salama. Nikasema nimelalia mkeka. Mkeka wenye mikanda. Hata mimi nisingeamini.

Jumatano, 10 Julai

Juzi niliamka afadhali. Kichwa chepesi. Nikaanza kuipenda pendapenda.

Leo tumbo ngoma! Limejaa hewa, limesimama, ukiligonga linaitika. Nimecheua kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi. Muuza nyanya kanipa pole, akaniuliza ni la miezi mingapi. Kwa umri huu!

Na hewa yenyewe ilikuwa kali, barakoa inapiga filimbi pembeni. Juzi haikuwa hivyo. Mashine ileile, mimi yuleyule.

Sasa sikiliza. Sijamwambia mtu. Wifi anapiga simu: "Wifi, tumbo linaendeleaje?" Kajuaje?! Eti kaambiwa na kaka yake. Kaka yake naye kajuaje? Eti alinisikia nikicheua. Wana majibu, ukoo huu.

Alhamisi, 11 Julai

Tumbo bado. Nimepiga simu kliniki.

Nesi kaangalia kwenye kompyuta yake, kisha: "Mama, presha iliyopo siyo tuliyoipanga. Imepandishwa. Mara mbili. Umeigusa?"

Mimi! Mimi ambaye hata saa ya ukutani nikiona inachelewa naiacha ichelewe!

Kasema ile sehemu ya kupanga presha imefichwa. Lazima ujue vitufe gani vya kubonyeza pamoja. Mtu wa kawaida hawezi kuifikia kwa bahati mbaya.

Mtu wa kawaida. Basi nani si wa kawaida? Nani anauza mashine hizi? Nani anajua vitufe? Nani anafaidika nikiishindwa hii ya kuazima na kukimbilia ya watu wazima? Juzi jioni alikuja kututembelea. Aliomba kwenda kuona "mashine imekaaje" chumbani. Alikaa humo muda mrefu kuliko mtu anayeangalia kitu.

Nimekukamata, wifi. Kesho namwita hapa, mbele ya kaka yake.

Ijumaa, 12 Julai

Sijui niandike vipi haya.

Wifi alikuja saa za chai. Sikumpa chai. Nilimweka kitini, mume kiti kingine, mimi nikasimama. Nikasema: mtu amefungua mashine yangu akapandisha presha, na mtu huyo yumo humu ndani. Nikamwangalia wifi. Wifi akamwangalia kaka yake. Kaka yake akaangalia mikono yake.

"Ni mimi," kasema mume wangu.

Nilidhani sikusikia. Karudia. "Ni mimi niliyepandisha. Nilijifunza kwenye video, kwenye simu. Tangu mwezi uliopita naangalia za pumzi, nakuficha."

Kwa nini? Unataka kunipasua?

Akaanza polepole, kama anavyomweleza mteja kwamba friji lake halitapona. Kasema sebuleni halali. Kile kiti cha mbao kilichoko koridoni, nje ya mlango wa chumba chetu, hicho ndicho anachokaa. Ananisikiliza. Pumzi ikikatika anasubiri. Ikichelewa sana anaingia, ananitikisa bega, nageuka, napumua, anarudi kitini. Zamani alijaribu kufanya hivyo akiwa kitandani, akawa anapitiwa na usingizi. Ndiyo maana akahama. Mgongo haukuwa na lolote.

Mashine ilipokuja alifikiri sasa atalala. Lakini akasikia inakatika bado. Si kama mwanzo, lakini inakatika. Akaona imezidiwa nguvu.

"Mota ikizidiwa unaiongezea."

"Mimi si friji!" nikamwambia.

"Najua. Friji likizima nalifungua." Akageuza viganja. "Wewe nikufungue wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo jingine kabisa. Nilikuwa na maneno makali yamepangwa foleni, yote ya wifi, na mengine kidogo ya mwanamke ambaye sasa hata hayupo. Yamebaki mdomoni kama barakoa.

Wifi akafuta macho. "Na mimi nilimkataza, wifi. Nilimwambia asiguse."

Kumbe ulijua!

Nimewapa chai wote wawili. Lakini vikombe vile vya kawaida.

Jumamosi, 13 Julai

Wifi kaja asubuhi na mapema, kaleta ile inayojirekebisha. Eti niijaribu, eti radhi. "Mpya kabisa, wifi. Nimeitoa kwenye boksi leo."

Nimeifungua mwenyewe. Kwenye mkanda wa barakoa kuna unywele. Mrefu, umepakwa rangi nyekundu. Mimi nywele zangu fupi, nyeusi na mvi. Nikafungua pale hewa inapoingilia: kichujio kimekuwa cha kijivu kwa vumbi.

Mashine mpya ina nywele?

Kigugumizi. Mara ni ya maonyesho dukani, mara mteja aliivaa siku chache akairudisha, mara "nimeifuta na spiriti, wifi, haina shida". Shida ninayo mimi! Pumzi ya mtu nisiyemjua, niilalie?

Mume kaichukua, kaitia kwenye boksi, kambebea dada yake mpaka kwenye gari. Aliporudi kasema, "Hapo ulikuwa sahihi." Basi. Lakini nimeliandika, lisije likapotea.

Jumatatu, 15 Julai

Kwa daktari, wawili. Kamsema mume wangu kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kamwambia hewa ikizidi nayo inaweza kuvuruga pumzi, achilia mbali tumbo. Kama unasikia kitu hakiko sawa, piga simu, usishike bisibisi. Fundi mzima kainama kama mtoto wa shule. Nilimhurumia. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, kumwambia inatosha, inua kichwa.

Halafu daktari akasema alichokisikia mume wangu si uongo. Habari za mashine zinaonyesha hivyohivyo: nikilala ubavu, presha ile inatosha. Nikigeuka chali, haitoshi. Na mimi usiku nageuka sana.

"Kwa hiyo?"

Kwa hiyo ile inayojirekebisha. Wanayo stoo ya kliniki. Ataiwekea mpaka wa chini na wa juu, halafu ataifunga asiyehusika asiingie. Hapo kamwangalia mume. Nikae nayo pamoja na ile ya kwanza, niilalie, nilinganishe, Ijumaa nirudishe mojawapo. "Uchague wewe, mama. Kwa mwili wako, si kwa maneno ya ukoo."

Nimekagua mikanda hapohapo mbele yake. Hakuna nywele. Kichujio cheupe.

Bosi kapiga simu. Alhamisi niende na barua ya daktari, nipimwe barabarani. Nikauliza nani atanipima. Kasema yeye mwenyewe, atajifanya mwanafunzi. Mtego.

Jumatano, 17 Julai

Nimelala.

Sina cha kuongeza. Ninacho: kichwa hakiumi. Nilikaa kitandani nakitafuta kile kichwa kuuma kama mtu aliyepoteza funguo, nageuza shingo huku na huku. Hakipo. Tumbo limelala. Dirishani nikaona rangi ya ukuta wa jirani ni ya kijani kibichi. Siku zote nimeiona kijivu. Au wamepaka jana? Nitauliza.

Mashine inanong'ona tu. Inaanza taratibu, sijui hata inapanda saa ngapi.

Mume alikuwa kitini koridoni, bado. Nikamwambia leo rudi kitandani. Kasema kulikuwa kimya mno, kakaa anaogopa kimya chenyewe. "Nihakikishe kwanza, siku moja au mbili." Ndevu hazijanyolewa, shati kavaa kinyume. Nimemwambia sasa mgonjwa ni wewe. Tukacheka.

Alhamisi, 18 Julai

Nimepita! Bosi kasoma barua ya daktari, kisha kajifanya mwanafunzi wa siku ya kwanza, kakanyaga klachi kama anaua mende, kaingia mzunguko upande usio wake. Nilimshika kabla hajamaliza kosa. Breki, usukani, maneno. Kwenye makutano yale ya lori macho yangu yalikuwa wazi mpaka yakauma. Mwishoni kasema, "Jumatatu uje." Mwenye miwani ya jua kanipa funguo mwenyewe. Gari linanuka manukato yake na kiti kakisukuma nyuma kabisa, lakini amelitunza, siwezi kusema.

Nimechagua. Inayojirekebisha inabaki, ya presha moja inarudi kesho. Nilishaifunga kwenye mfuko tangu asubuhi.

Nikaja mbio kumwambia mume. Nikamkuta koridoni, kwenye kiti, mchana kweupe, kichwa kimeangukia nyuma ukutani, mdomo wazi. Anakoroma! Nilicheka peke yangu. Nikatoa simu nimrekodi, na yeye ajisikie.

Ndipo akanyamaza.

Kifua kinapanda, tumbo linavuta, na hakuna kinachoingia. Nikasubiri nikidhani anaota. Halafu akakoroma kama mtu anayetolewa majini, akaendelea. Halafu tena. Kimya. Kile kifua.

Nikajiambia ni uchovu. Mtu hajalala wiki ngapi, lazima alale vibaya. Ni uchovu tu. Mbona daktari aliponiambia mimi nilitafuta maneno kama hayahaya?

Nimempigia wifi. Sikumsalimia. Nikamuuliza: kaka yako hulala hivi? Nikasikia mlango wa duka lake unafungwa. Kisha akasema, "Hata baba alilala hivyo."

Baba mkwe sikumkuta. Ninachojua ni kile walichoniambia nilipoolewa: alilala, hakuamka, ni umri. Nimemuuliza wifi alikuwa na umri gani. Kautaja. Ni umri wa mume wangu. Na usiku ule, nani alilala chumba kimoja na baba? Wifi analia. "Ni kaka, mtoto wa mwisho. Ndiye aliyemkuta, wifi. Hajawahi kulizungumza."

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, magoti yangu yanagusa yake. Kliniki nimepiga, nesi kasema nimwamshe, nimlaze ubavu, nimlete leo leo. Nikauliza kuhusu mashine, kwa kuwa ninazo mbili ndani. Kasema kila mtu apimwe, asivae ya mwenzake. Sawa. Lakini mfuko uko pale mlangoni, naona mpira wake umechomoza.

Nilitaka nimwache dakika moja tu. Uso wake umelegea, sijauona hivi tangu mwezi ule alipohama. Inauma kumwamsha.

Kanyamaza tena.

Nimemshika bega. Namwita kwa jina lake, lile ambalo mtaani hawalijui. Kifua kinavuta. Kinavuta. Ukimya huu ni mrefu kuliko ule —